Kadi ya debiti melini: jinsi fedha zako zinavyofungwa kabla hujazitumia

Ndani ya meli ya kitalii noti hazina kazi kubwa. Siku ya kupanda, kila abiria hupewa kadi ya meli. Carnival huiita Sail & Sign, Royal Caribbean huiita SeaPass, na Princess wao hutoa kidude cha mviringo cha kuvaa kinachoitwa Medallion. Ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo kitambulisho cha kushukia na kupandia bandarini, na ndiyo pochi. Ukiagiza soda, ukitengeneza nywele, ukinunua picha, unaigusisha kwenye mashine na deni linaandikwa kwenye akaunti yako ya melini. Asubuhi ya kushuka, deni lote hulipwa kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye kadi ya benki uliyoisajili mwanzoni.

Hiyo kadi ya benki ndiyo yenye mambo. Kampuni nyingi za meli hupokea kadi ya debiti, ile inayokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti yako, yenye nembo ya Visa au Mastercard bila maswali, na abiria wengi hudhani suala limeishia hapo. Halijaisha. Meli haiichukui kadi yako kama njia ya kulipia tu, inaiweka dhamana kwa safari nzima. Kwa mwenye kadi ya mkopo, kinachowekwa dhamana ni nafasi yake ya kukopa. Kwa mwenye kadi ya debiti ni mshahara wake.

Kuzuia na kukata ni vitu viwili

Kila muamala wa kadi una hatua mbili. Ya kwanza ni idhini: anayepokea malipo huiuliza benki yako kama fedha zipo, benki hujibu kwamba zipo, na papo hapo huzitenga ili usizitumie kwingine. Hazijaondoka, zimezuiwa. Ya pili ni malipo yenyewe: siku moja au zaidi baadaye hutumwa dai la kiasi kamili, benki hukata, na zuio huondolewa. Dukani hatua hizi hufuatana upesi na kiasi ni kilekile, kwa hiyo mteja haoni mshono.

Melini mshono unaonekana, maana siku ya kwanza hakuna anayejua utatumia kiasi gani. Ndiyo sababu kanuni za mitandao ya kadi, yaani Visa, Mastercard na wenzao, huziweka meli za kitalii kundi moja na hoteli na kampuni za kukodisha magari. Zinaruhusiwa kuomba idhini ya kiasi cha kukadiria, kuiongeza kadiri matumizi yanavyopanda, na idhini hiyo inaweza kudumu hadi takriban siku 30. Aina hii ya biashara ina hata namba yake kwenye mfumo wa kadi, 4411. Ofisa wa benki akikutajia namba hiyo, anaizungumzia meli yako.

Fungua programu ya benki kwenye simu utaona salio mbili: lile lililopo kwenye akaunti na lile unaloweza kutumia. Pengo kati yake ndiyo mazuio. Kosa la kawaida ni kutazama la kwanza, wakati mashine ya kadi popote uendapo inatazama la pili.

Hesabu ya siku saba

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa sababu viwango halisi hutofautiana kwa kampuni, kwa urefu wa safari na hata kwa aina ya kadi. Akaunti ya benki ina dola 1,900. Meli inaanza kwa kuzuia dola 300. Hadi jioni ya siku ya pili matumizi yamefika 210, kimya. Siku ya tatu kuna ziara ya nchi kavu, jumla inapanda hadi 420, dhamana imepitwa, meli inaomba 300 nyingine. Siku ya tano jumla ni 655, inaombwa 300 ya tatu. Safari inafungwa kwa deni la dola 810.

Mazuio sasa yamefika 900. Dai la 810 likija limeunganishwa vizuri na zile idhini tatu, benki itakata 810, itaachia zote tatu, na hakuna atakayegundua kitu. Shida ni pale dai linapofika kama mgeni asiyefahamika. Kiasi cha 810 hakifanani na 300 yoyote, kompyuta ya benki haioni udugu wao, inakata 810 na kuziacha 900 zikiwa bado zimefungwa. Dola 1,710 haziguswi. Umebakiwa na 190, ilhali umetumia 810 tu. Kodi ya nyumba ya dola 600 iliyopangwa kujilipa yenyewe siku hiyo inagonga mwamba, na benki nyingine hutoza ada juu yake. Nchini Marekani ada ya kuzidisha salio imekuwa ikifika takriban dola 35 kwa muamala mmoja.

Katika hesabu hiyo hakuna aliyedhulumu. Meli imedai kilicho chake, benki imefuata utaratibu wake, na wewe ndiye uliyekaa katikati. Mwenye kadi ya mkopo angepitia mlolongo huohuo, ila angefungiwa nafasi ya kukopa ambayo pengine hakuwa na haja nayo wiki hiyo.

Mazuio yaliyosahaulika hivi huanguka yenyewe muda wake ukiisha. Inaweza kuwa siku tatu, inaweza kuwa siku kumi za kazi, na kwa benki nyingine hata zaidi. Hapo ndipo danadana huanzia: ukiwapigia watu wa meli wanasema wao wameshamaliza, ukiipigia benki inasema inasubiri neno kutoka kwa meli.

Mambo mawili huupanua mfano huu haraka. La kwanza ni familia. Kadi moja ikisajiliwa kwa watu wanne, meli inaweza kuzuia kiasi cha mwanzo kwa kila kichwa, si kwa kila chumba. La pili ni safari mbili zinazofuatana. Hata kama hubadilishi chumba, kila safari ni akaunti mpya yenye mazuio yake, na ya wiki ya kwanza hayajaanguka wakati ya wiki ya pili yanapoanza kupandishwa juu yake. Wanaounganisha safari kwa kadi ya debiti hukwama zaidi ya wengine wote, na si kwa sababu ya matumizi makubwa.

Makato usiyoyahesabu

Watu hukadiria vinywaji na ziara, halafu husahau vinavyojiandika vyenyewe. Bakshishi ndiyo ya kwanza. Kampuni kubwa zinazohudumia soko la Marekani zimekuwa zikiandika takriban dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku, watoto wakiwemo mara nyingi. Watu wawili kwa siku saba, kwa dola 18, ni dola 252 kabla hujaagiza glasi ya maji ya machungwa. Juu ya kila kinywaji na kila huduma ya saluni huongezwa tena asilimia 18 hadi 20. Kinywaji cha dola 12 kwa hiyo ni zaidi ya dola 14, na ni hiyo 14 inayoihesabia dhamana yako.

Kasino ni mlango mwingine. Baadhi ya meli hukuruhusu kuchukua fedha za kuchezea kwa kugusisha kadi ya meli, na hutoza asilimia 3 hadi 5 kwa huduma hiyo. Deni linakwenda kwenye akaunti ileile, dhamana inaongezwa usiku uleule.

Taarifa huchelewa baharini

Meli huwasiliana na benki kwa setilaiti, na hesabu za siku kwa kawaida hukusanywa na kutumwa usiku. Unachokunywa saa nne asubuhi kinaweza kuonekana benki kesho yake, au, mawasiliano yakikatika, hata baada ya siku mbili. Kwa hiyo salio unaloliona saa hii ni la jana. Ukilitegemea kutoa fedha kwenye mashine ya bandarini, usiku meli ikaja kuomba dhamana ya siku nzima, benki itaikatalia.

Idhini ikikataliwa hakuna kengele inayolia. Pengine utakuta karatasi mlangoni au ujumbe kwenye programu ya meli, ukikuomba ufike kaunta ya huduma kwa wageni. Usipokwenda, kadi ya meli huzimwa kwa matumizi: bado inafungua chumba, bado inakushusha bandarini, ila baa inaikataa mbele ya foleni. Kuirudisha unahitaji kadi nyingine au fedha taslimu mkononi.

Sababu ya kukataliwa si lazima iwe upungufu wa fedha. Kadi nyingi za debiti zina kikomo cha matumizi kwa siku. Mwenye kikomo cha dola 1,000 anaweza kuwa na dola 5,000 kwenye akaunti na bado dai la mwisho la dola 1,400 likarudishwa, kwa kuwa linakuja lote siku moja. Sababu nyingine ni ulinzi wa benki yenyewe: kadi ambayo wiki iliyopita ilikuwa ikilipia mboga, leo inaombwa mamia ya dola na kampuni ya meli iliyo nchi nyingine, tena mara tatu kwa wiki. Benki inaisimamisha na kukutumia namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Nawe uko katikati ya bahari, simu imezimwa kukwepa gharama za mtandao wa melini, ambazo kwa kweli ni za kukwepwa.

Kadi za malipo ya kabla, zinazojazwa fedha kwanza ndipo zitumike, zina balaa lake. Nyingi hazina jina la mwenyewe, hazina mtu wa kumpigia zuio likikwama, na kampuni nyingi za meli hazizitaki kabisa kwenye akaunti ya melini. Hizo ziache nyumbani.

Sarafu

Meli zina sarafu yake ya ndani: dola kwa kampuni za Marekani, pauni kwa P&O Cruises ya Uingereza, euro kwa safari nyingi za MSC na Costa barani Ulaya. Kama akaunti yako ni ya sarafu nyingine, kila zuio hubadilishwa kwa kiwango cha siku yake, na dai la mwisho kwa kiwango cha siku nyingine. Hiyo ni sababu moja zaidi ya dai na mazuio kutofanana. Benki nyingi pia huongeza ada ya muamala wa nje, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3.

Angalia kisanduku kimoja wakati wa kusajili kadi. Baadhi ya kampuni hujitolea kukubadilishia deni liwe kwa sarafu ya kwenu kabla halijafika benki, na wakati mwingine kisanduku hicho huja kikiwa kimeshawekwa alama. Inaonekana kama hisani. Kiwango wanachotumia huwa na faida yao ndani, na karibu kila mara ni kibaya kuliko cha Visa au Mastercard. Kama alama ipo, kaiondoe kaunta mapema, kwa kuwa baada ya akaunti kufungwa hakuna wa kuigeuza.

Ukibishana, nani ameshika fedha?

Tuseme kwenye hesabu ya mwisho kuna ziara ya dola 160 ambayo ilifutwa kwa sababu ya upepo. Kwa kadi ya mkopo, unagombana huku fedha ya benki ndiyo iliyo mezani. Kwa kadi ya debiti, fedha yako imeshaondoka, unagombana ili irudi.

Sheria nazo zimetofautisha. Marekani, sheria ya mwaka 1974 kuhusu madai ya kadi za mkopo inakupa siku 60 za kupinga dai na kukuruhusu kutolipa kiasi kinachobishaniwa uchunguzi ukiendelea. Debiti ina sheria yake ya mwaka 1978. Kwa matumizi ya wizi, hasara yako inaishia dola 50 ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue, inapanda hadi dola 500 ukichelewa, na ukipitisha siku 60 tangu taarifa ya akaunti itumwe, hasara inayofuata inaweza kuwa yako yote. Benki ina siku 10 za kazi kuchunguza. Ikitaka muda zaidi, inakurudishia fedha kwa muda na kujipa hadi siku 45, au 90 kwa miamala iliyoanzia nje ya nchi. Siku mbili za kazi ni nyingi ukiwa nyumbani. Ukiwa melini bila intaneti ni chache mno.

Uingereza, Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974 huifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu kilicholipiwa kwa kadi ya mkopo chenye bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Huduma ya saluni ya pauni 150 imo, bia haimo. Debiti haina kifungu hicho. Ina utaratibu wa mitandao ya kadi wa kurudisha malipo, ambao ni kanuni za kibiashara, si haki ya kisheria. Katika Umoja wa Ulaya mwenye debiti ana ahueni ya aina nyingine: Agizo la huduma za malipo la mwaka 2015, kifungu cha 75 nalo kwa bahati tu, linasema benki isizuie fedha kwa kiasi kisichojulikana mpaka mwenye kadi akubali kiasi hasa kitakachozuiwa, na iachie bila kuchelewa ikishajua deni kamili.

Debiti nayo ipewe haki yake kwa jambo moja. Kadi ya benki husajiliwa mara moja tu, kisha inakaa kwenye sefu ya chumbani wiki nzima, kwa kuwa kila kitu kinapita kwenye kadi ya meli. Hatari ya namba yake kuibiwa melini ni ndogo kuliko kwenye mashine za kutolea fedha bandarini.

La kufanya kabla na baada

Njia safi kuliko zote ni kusajili kadi ya mkopo kama dhamana, hata kama huna nia ya kukopa. Hakuna kinachokulazimisha kulipa kwa kadi uliyoiweka dhamana. Siku moja kabla ya kushuka, mchana, si usiku ambapo foleni ya kaunta inafika kwenye ngazi, nenda ukalipe deni kwa taslimu. Kilichobaki kikiwa sifuri, kadi ya mkopo haikatwi kitu.

Kama huna kadi ya mkopo, fikiria amana ya taslimu. Unakabidhi kaunta kiasi fulani siku ya kwanza, kikiisha unaongeza, kikibaki unarudishiwa. Uliza mapema kiasi cha chini wanachotaka na jinsi wanavyorudisha salio, kwa kuwa baadhi hutuma hundi kwa posta baada ya safari. Hakuna benki katika mlolongo huu, kwa hiyo hakuna zuio. Kero yake ni kusimama foleni.

Na kama ni debiti tu, basi isiwe ile inayopokea mshahara na kulipa kodi. Fungua akaunti ya pembeni na uweke zaidi ya mara mbili ya unachotarajia kutumia. Mfano wa juu unaonyesha kwa nini hata mara mbili kamili haitoshi. Piga benki, omba kikomo cha siku kipandishwe kwa tarehe za safari na siku tatu baada yake, na uwaeleze kwamba yatakuja maombi kadhaa kutoka kwa kampuni ya meli. Lipia mapema nyumbani kila kinacholipika: bakshishi, kifurushi cha vinywaji, intaneti, ziara. Hivyo vikishalipwa haviingii kwenye akaunti ya melini na dhamana haipandi kwa ajili yake. Kadi za watoto ziwekewe kikomo au zizuiwe kununua, jambo ambalo kaunta hulifanya kwa dakika mbili. Kwenye meli za MSC na Costa kuna mashine za kusajili kadi mwenyewe karibu na ukumbi mkuu. Kadi ikigoma hapo, usingoje siku ya tatu kwenda kuuliza.

Kila jioni tazama akaunti yako ya melini kwenye programu au kwenye televisheni ya chumbani. Kosa lililoonekana siku ya pili hurekebishwa na mtu aliyelifanya, aliye hapohapo. Asubuhi ya mwisho mhusika amelala na foleni ni ya watu mia.

Kabla ya kushuka chukua hesabu iliyochapishwa inayoonyesha deni limelipwa lote. Piga picha ya skrini ya mazuio yote kwenye programu ya benki, yenye tarehe na kiasi cha kila moja. Siku tano za kazi zikipita na bado yapo, usiulize meli kwa ujumla "fedha zangu ziko wapi". Omba idara yao ya fedha ikupe, kwa kila zuio, tarehe, kiasi na namba ya idhini, ambayo kwa kawaida ina tarakimu au herufi sita. Kisha piga kitengo cha kadi cha benki, si tawi, uwasomee moja baada ya jingine na uwatumie ile hesabu iliyochapishwa. Wakisema lazima wasikie kutoka kwa meli yenyewe, omba simu ya watu watatu, benki ikiwa kwenye laini moja na kampuni ya meli kwenye nyingine. Zuio lenye namba ya idhini linaweza kutafutwa na kufutwa kwa mkono. Lisilo na namba litasubiri muda wake uishe.